Kila mutoto na mupango wake: juu ya nyumba za kulea vijana wenye kushindikana



Wiki iliyopita mu kikundi yetu kulikuwa masolo mingi juu ya vijana wanaonyanganya watu telefone mangaribi. Mumoja wetu aliandika: «Bapeleke bote ku Kasapa.» Mwingine akajibu: «Hapana, bapeleke bote ku Kaniama-Kasese, balime mahindi.» Watu wengi walipenda hiyo ya pili. Mi nilinyamaza ile siku kwa sababu jibu yangu ilikuwa refu. Njo hii leo.

Neno lenye kunisumbua mu ile majibu yote mbili ni «bote». Nitawaeleza juu ya nini.

Miezi minane nilifundisha kazi ya bustani mu nyumba moja inayopokea vijana wanaume wa miaka 12 mpaka 17, hapa ku Kasungami. Jina ya nyumba sitaitaja, walezi wake walikuwa watu wazuri na walifanya walichoweza. Wenye kujua Kasungami wanajua: pembeni ya muji, komine Anexe, mashamba madogo ya mahindi na lengalenga katikati ya manyumba. Mi nilikuja na lisansi yangu ya agronomia na programu ya kazi: kila kijana matuta mawili, jembe moja, saa mbili asubuhi. Programu moja kwa wote.

Kulikuwa kijana mumoja wa miaka 14. Kila nilipomupa jembe, alilikataa. Hakusema neno, aliliangalia tu na kuliacha chini. Mara ya kwanza nilimugombeza. Mara ya pili nilimuongezea matuta mawili, iwe malipizi. Mara ya tatu alitupa jembe, akaruka ukuta, akakimbia. Siku ine tulimutafuta. Tulimupata karibu na soko, amelala juu ya makartoni, ana homa.

Mama mwenye kupika njo alituambia ukweli, kwa sababu ni yeye peke yake kijana alikuwa anazungumuza naye, jioni, wakati wa kuchagua sombe. Mbele ya kuwa wa barabara, alikaa kwa papa yake mudogo. Mutoto muchanga wa ile nyumba alikufa, wakasema ni yeye aliyemuroga. Toka hapo walimuamusha kila usiku, wakamupa jembe, alime mpaka asubuhi, eti bulozi itoke na jasho.

Sasa fikiri: mi, mwenye diplome, nilikuwa ninamupa lile lile jembe, na akikataa ninamuongezea kazi. Nilikuwa ninarudilia kazi ya papa yake mudogo bila kujua. Nilienda kuangalia dosie yake mu ofisi. Ilikuwa karatasi moja: jina, miaka, siku ya kuingia, na neno moja: «mukaidi».

Toka ile siku nilianza kusoma na kuuliza watu wenye kujua, juu ya namna gani kijana kama yule anapashwa kutunzwa.

Kwanza: hawa vijana ni nani?

Tukisema «bashege», tunaweka watu mbalimbali mu mufuko moja. Mu nyumba moja utakuta aliyefukuzwa juu ya bulozi. Aliyefiwa na wazazi wote. Aliyekimbia fimbo ya bwana mupya wa mama yake. Aliyetoka ku mashimo ya kuchimba. Aliyeletwa na tribinali juu ya wizi ama kupiga mutu kisu. Na tena yule ambaye wazazi wako na makuta, lakini anakunywa lutuku na kuvuta bangi mpaka wameshindwa. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2006 juu ya watoto wa barabara mu inchi yetu ilionyesha kama kusingiziwa bulozi ni moja ya sababu kubwa zinazotupa watoto inje. Miaka imepita, na mi ninasema kama mu muji wetu hii jambo haijaisha.

Inje, wote wanaonekana sawa: matusi, kukataa amri, uongo, kupigana, kuiba. Lakini sababu ni mbalimbali. Kijana aliyepigwa sana anaweza kuruka kwa hasira mutu akimugusa bega kwa nyuma, kwa sababu mwili wake umejifunza kungojea hatari kila dakika. Mwingine halali usiku juu ya ndoto mbaya, asubuhi mu kalasi anasinzia, mwalimu anamuita mvivu. Mwingine anakojoa ku kitanda na anapigana na kila mutu anayemucheka. Mwingine ana kifafa, lakini kwao walisema ni shetani. Na mwingine amejifunza tu kama ukipiga wa kwanza, unakula wa kwanza. Malipizi moja kwa hawa wote itafanya nini?

Wenzangu wa agronomia watanifahamu haraka. Udongo mwekundu wa hapa kwetu uko na asidi. Ukitupa mbolea bila kupima, fosfori inafungwa na chuma na aluminiamu, mahindi haiipati, na wewe unasema mbegu ni mbaya. Tulifundishwa kupima mbele ya kutia. Kwa mutoto wa mutu tunatia kwanza, kisha tunashangaa.

Sheria inasema nini

Wengi wetu hatujui kama jambo hii imeandikwa mu sheria. Katiba yetu ya mwaka 2006, artikle ya 41, inakataza kutupa watoto, kuwatesa, na kuwasingizia bulozi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 ya mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inaendelea zaidi: mwenye kusingizia mutoto bulozi anaweza kufungwa mwaka moja mpaka miaka mitatu. Sheria ile ile iliunda tribinali za watoto. Inasema kama mutoto ni kila mutu asiyefikisha miaka 18, na kama wa chini ya miaka 14 hawezi kuhukumiwa juu ya kosa la jinai. Kwa wa miaka 14 mpaka 18, juge anaweza kumurudisha kwa wazazi, kumupa onyo, kumukabizi kwa jamaa ingine ama kwa nyumba ya malezi. Kwa hiyo «bapeleke bote ku Kasapa» si mawazo tu ya hasira; kwa mutoto, sheria inataka njia ingine itafutwe mbele.

Tena Congo ilikubali Mapatano ya Haki za Mutoto toka mwaka 1990. Artikle ya 25 ya yale Mapatano watu wachache wanaikumbuka. Inasema hivi kwa maana: mutoto akiwekwa mahali ili atunzwe, alindwe ama aponywe, iko na haki kama matunzo yake na sababu za kuwekwa pale zinaangaliwa tena kila mara. Maana yake, kumuweka haitoshi. Kila mara mutu aulize: hii inamusaidia? Angali na lazima ya kubakia hapa? Na mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulitoa miongozo juu ya watoto wasiolelewa na wazazi wao, na mule ndani mupango wa kila mutoto unaombwa wazi.

Mupango wa mutoto mumoja ni kitu gani?

Usifikiri kitabu kikubwa cha Wazungu. Ni karatasi mbili ama tatu zenye kujibu maulizo machache, na watu wanaozifuata kweli. Nitaeleza hatua kwa hatua vile nilivyofahamu.

*Hatua ya kwanza: kumupokea na kumusikiliza.* Wiki mbili ama tatu za kwanza, kazi kubwa ni kumujua. Munganga anamupima: malaria, minyoo, vidonda, macho, masikio, kifafa, dawa na pombe alizozoea. (Kijana asiyesikia muzuri ataitwa mukaidi miaka yote.) Asistanti sosiali anatafuta jamaa: nani alimulea, nani alimufukuza, nani angali anamupenda. Mwalimu anaangalia anajua kusoma mpaka wapi, bila kufuata miaka yake. Na mutu mumoja anamusikiliza, bila haraka na bila kumulazimisha aseme yote siku ya kwanza. Mutoto wa barabara amekwisha kuhojiwa na polisi, na pasta, na watu wa misaada. Anajua kutoa kila mutu hadisi anayoitaka. Ukweli unakuja nyuma, wakati wa kuchagua sombe.

*Hatua ya pili: kuandika anachoweza, hata kabla ya shida zake.* Yule anayejua kuuza maji ya sashe na kurudisha chenji bila kukosea, anajua hesabu. Aliyewalinda wadogo usiku ku gare, anajua kuongoza. Mupango wenye kuandika makosa tu unamwambia kijana kama yeye ni makosa tu.

*Hatua ya tatu: malengo machache, ya kuonekana.* «Awe na tabia nzuri» si lengo, hakuna mutu atajua siku gani limefikiwa. Nitatoa mufano wa kijana mwenye kupigana:

Lengo: akisikia hasira inapanda, atoke, aende chini ya muti wa maembe, arudi mbele ya dakika 10 kupita. Nani anamusaidia: mulezi wake. Walezi wengine wanafanya nini: hawamufuati na kelele, hawamufungii njia. Tutajua namna gani: kila mara tunaandika mu buku, alitoka ama alipiga. Tutaangalia lini: mwisho wa mwezi.

Ni hivyo tu. Malengo mawili ama matatu, basi: moja juu ya mwili na usalama wake, moja juu ya roho na tabia, moja juu ya masomo ama kazi. Ukiweka kumi, hakuna hata moja litafuatwa.

*Hatua ya ine: kijana mwenyewe anakaa mezani.* Mupango ulioandikwa mu ofisi na watu wazima peke yao, kijana ataukimbia vile alivyokimbia amri zote za mbele. Anaulizwa: wewe unataka nini kibadilike? Mara ya kwanza atasema «sijui», ama atasema «nataka telefone». Haizuru. Uliza tena. Jibu lake liandikwe na maneno yake, si na maneno yetu.

*Hatua ya tano: mutu mumoja mwenye kujibu.* Kila kijana awe na mulezi wake wa karibu. Wote wanamulea, lakini mumoja njo anashika mupango wake, anajua siku ya kufiwa kwa mama yake, anajua neno gani halisemwi mbele yake. Kama kwetu kungekuwa mulezi wa namna hiyo, angeniambia: «Ndugu, yule usimupe jembe.» Neno moja tu, ningeacha.

*Hatua ya sita: kurudilia.* Kila mwezi muangalie, na kila miezi mitatu mukae wote, na kijana, na mutu wa jamaa yake akipatikana. Kilichofaa kinaendelea, kilichoshindwa kinabadilishwa. Kama lengo halifikiwi miezi mitatu, mbele ya kusema kijana ameshindwa, uliza kama si mupango ulioshindwa.

*Hatua ya saba: mulango wa kutoka.* Hii inaandikwa toka wiki ya kwanza. Ataenda wapi? Kwa nani? Na kazi gani? Nyumba bila mulango wa kutoka inakuwa barabara yenye kuta.

Terapi: kuzungumuza tu, ama kuna zaidi?

Wengi wanasema: «Terapi ni ya Wazungu, sisi tunasali.» Mi pia ninasali. Lakini kuna kazi iliyofanywa hapa kwetu Congo na matokeo yake inajulikana. Mwaka 2013 watafiti walitoa matokeo ya kazi na vijana wanaume 50 wa miaka 13 mpaka 17, mashariki ya inchi yetu, wengine walikuwa askari watoto, wengine walioumizwa na vita. Waliwagawanya kwa bahati nasibu: nusu walipata terapi mara moja, nusu walingojea. Terapi yenyewe ilikuwa vikao 15 vya kikundi. Walijifunza kutambua woga mu mwili, kupumua pole pole, kutofautisha kilichotokea na kile wanachojiambia juu yake, na kusimulia jambo baya lililowapata mu hali ya usalama. Wale waliopata terapi, vidonda vya roho vilipungua sana, huzuni ilipungua, na tena mwenendo mubaya ulipungua. Hii ya mwisho nilitaka muisikie. Wale vijana tabia yao ilibadilika wakati kidonda kilitunzwa.

Kuna namna ingine pia, ya kusimulia maisha yote toka kuzaliwa, kwa mupangilio, mabaya na mazuri. Ilitumiwa na wakimbizi na vijana waliotoka mu vita Uganda na hapa Congo. Mara ingine wanatumia kamba yenye kulazwa chini: jiwe kwa kila jambo baya, ua kwa kila jambo zuri. Kijana anaona na macho yake kama maisha yake haikuwa mawe matupu.

Lakini munielewe muzuri. Kuna pahali kikundi kinaumiza. Mu Marekani, jimbo la Oregon, watafiti walirekodi vijana wa miaka 13 na 14 wakizungumuza na marafiki wao. Waliona kama pale ambapo marafiki wanacheka na kushangilia hadisi za uhalifu, wale vijana wanazidi kuharibika miaka yenye kufuata. Mwaka 1999 waliandika wazi kama programu zenye kukusanya vijana wenye shida pamoja zinaweza kuwazidisha, kwa sababu mumoja anakuwa mwalimu wa mwingine. Nyumba ya vijana 40 na mulezi mumoja, jioni mu bweni, ni universite ya wizi. Kikundi kinaponya kama kuna mutu muzima mwenye kukiongoza, wachache, na kazi ya wazi. Kikundi bila mutu kinafundisha.

Na kuna magonjwa ambayo si ya mulezi wala ya pasta: kusikia sauti, kutaka kujiua, kifafa, kutetemeka kwa sababu ya kuacha pombe. Hawa wapelekwe kwa munganga. Hapa Lubumbashi tuko na kituo Joseph Guislain cha Mafurere wa Karita, chenye kutunza magonjwa ya akili. Kumupeleka mutoto pale si kumuita wazimu. Kumufunga kamba, kumunyima chakula siku tatu «shetani atoke», kumutia pilipili mu macho, njo wazimu.

Hapa kwetu haijaanza leo

Mu Lubumbashi ukisema watoto wa barabara, watu wanafikiri mara moja Bakanja, kazi ya Wasalesiani wa Don Bosco. Wasalesiani walifika hapa, wakati muji ungali Élisabethville, mwaka 1911. Jina Bakanja linatoka kwa mwenye heri Isidore Bakanja, kijana Mukongomani aliyepigwa fimbo mpaka kufa juu ya imani yake mwaka 1909. Na moja ya zile nyumba inaitwa Magone. Nilitafuta kujua Magone ni nani, na hadisi yake ilinigusa.

Michele Magone alikuwa mukubwa wa genge ya watoto ku gare ya Carmagnola, Italia. Don Bosco alimukuta pale mwaka 1857, akamuchukua ku Torino. Wiki za kwanza kijana alikuwa na furaha: mupira, kelele, kukimbia. Nyuma yake akaanza kuhuzunika, hachezi tena, analia pembeni. Mu nyumba yenye mamia ya watoto ingekuwa rahisi kusema: «atazoea.» Don Bosco alikuwa amemupa rafiki mumoja wa kumuangalia, huyo akaona, akasema. Don Bosco akamuita peke yake, akamuuliza, akangoja. Baadaye aliandika maisha ya huyu kijana, na mwaka 1877 akaandika juu ya namna yake ya kulea: akili, dini na upendo, mahali pa kutisha na kupiga.

Magone alikuwa mumoja kati ya mamia, na mutu alijua siku gani aliacha kucheza. Ule mupango haukuwa na karatasi labda, lakini ulikuwa na macho.

Na Kaniama-Kasese?

Narudi kwa masolo yetu. Toka mwaka 2020 tumeona vijana wa Kinshasa wanaoitwa kuluna wakipelekwa ku Kaniama-Kasese, mu Haut-Lomami, kwa Service national, kujifunza kulima, kujenga, kuranda mbao. Mi ni mutu wa shamba, sitasema vibaya juu ya kulima. Mahindi inahitajika, na ufundi unahitajika zaidi.

Lakini kazi ya mikono si dawa peke yake. Inaponya kama kijana anaona matunda yake, kama anaweza kuichagua, kama kuna mutu pembeni yake. Inaumiza kama ni malipizi yenye jina la masomo. Jembe ni lile lile. Kwa mumoja ni mustakabali, kwa mwingine ni usiku ule kwa papa yake mudogo. Utajua namna gani tofauti kama hukumuuliza?

«Lakini makuta itatoka wapi?»

Hii njo ulizo la kweli. Nyumba nyingi hazina mwanasaikolojia, mulezi mumoja anaangalia vijana 20 ama 30, mushahara unachelewa. Sitawadanganya kama kila nyumba inaweza kufanya yote leo. Lakini muangalie vile nimeandika juu: buku ya franka kidogo, saa moja kwa mwezi kwa kila kijana, mulezi wa karibu, wapishi na walinzi waalikwe mu mukutano kwa sababu wanajua mambo ambayo direktere hajui. Hii haina bei kubwa. Mwanasaikolojia mumoja anaweza kuzungukia nyumba tatu ama ine na kufundisha walezi. Tuko na universite hapa, na kila mwaka vijana wa saikolojia wanatafuta mahali pa kufanya staji.

Bei kubwa iko ku jamaa. Kurudisha kijana kwao ni safari nyingi: kuzungumuza na mama, na mujomba, na mukubwa wa kanisa aliyesema neno la bulozi. Mara ingine jamaa inapashwa kusaidiwa na mutaji kidogo, kwa sababu wengi walifukuza mutoto siku ambayo bukari haikutosha. Kurudisha kijana bila hiyo kazi ni kumupa tiketi ya kurudi barabarani. Na nyuma ya kumurudisha, mutu amutembelee: wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu.

Yule kijana

Mutauliza aliishia wapi. Alirudi mu nyumba na homa yake. Nilimuomba musamaha mbele ya wenzake, na ilikuwa vigumu kwangu, ninawaambia kweli. Tulikaa naye, mama wa jikoni pale pale, tukamuuliza anataka nini. Alisema: «Kuku.» Basi tukamupa kuku sita. Alizihesabu asubuhi na mangaribi, akaandika mayai mu kikaye, na ni mule mu kikaye cha mayai njo alijifunza kuandika muzuri. Jembe hakuligusa, na hakuna mutu alimulazimisha. Mwezi wa tano, siku moja, alichukua jembe yeye mwenyewe ili achimbie kuku maji. Hatukusema kitu. Tuliangalia pembeni.

Papa mudogo alikataa kumupokea mpaka mwisho. Lakini asistanti sosiali alipata nkambo yake, mama ya mama yake, ambaye alikuwa ameambiwa kama mutoto alikufa. Alienda kukaa naye, na kuku mbili mu kikapo. Si ushindi mukubwa: usiku angali anaamuka, na masomo ameanza na miaka mbili nyuma. Lakini ako na mutu anayemungojea jioni.

Kwa hiyo, wandugu, siku nyingine mukiandika «bapeleke bote», mukumbuke kama hakuna mutoto anayeitwa «bote». Wenye lisansi ya sheria: someni tena ile ya 2009 na muende kuieleza mu makanisa yetu. Wenye saikolojia: saa mbili za siku ya posho mu nyumba moja ya Anexe, ni nyingi kuliko munavyofikiri. Wenye uganga: kupima masikio na macho. Wenye agronomia kama mi: fundisheni, lakini mbele ya kugawa jembe, mufungue dosie. Na mukikuta mule neno moja tu, mutafute mama mwenye kupika.